Mwalimu Térence na Fa Iliyoshushwa kwa Siri

Wapendwa waombolezaji, marehemu mwalimu Nizigama Térence alizaliwa Luberizi, tarehe 14 Machi 1958, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari huko Kamanyola, akapata diplome ya Serikali mwaka 1979. Tangu Septemba 1980 alifundisha Kasenga, hapa Uvira, na tarehe 7 Agosti 1985 alifunga ndoa na mama Ndayiragije Generose, Mungu akawajalia watoto watano, kitinda mimba akiwa Délice.

Mwaka 1988 alipewa kuongoza kwaya ya parokia, kwani sikio lake lilikuwa la ajabu, ukigonga sufuria alikutajia nota yake, na nota ya fa aliitoa kinywani bila chombo, ikalingana na ya piano. Ndiye aliyemfundisha Délice piano, akamweka mpigaji wa kwaya.

Siku ya Pentekoste, tarehe 5 Juni 2022, kwaya ya wageni kutoka Kimanga ilikuja na piano yao tuimbe pamoja, marehemu akatoa sauti ya kuanzia, akasikia piano yao iko juu yake, akawakemea mbele ya waumini wote kwamba wameleta chombo kibovu. Kiongozi wao, Ezéchiel, akagusa fa kwenye piano zote mbili, zikapishana nusu toni, kisha akaonyesha kitufe cha kushusha nota zote kwenye piano yetu ya umeme, kilikuwa kimewashwa.

"Ni miye, baba," Délice akasema, "tangu miaka tatu. Uzee uligeuza sikio lako, fa yako ikashuka, nikashusha piano ikufuate, kwaya yote tukapatana tusikuambie. Hatukutaka uumie."

"Hamukutaka niumie," akajibu, "mukaniacha nikemee watu wa haki."

Alitoka kwa miguu, hakurudi kwaya, na hata nyumbani mama Generose hakumsikia tena akiimba. Alisema sikio ni nyama, likichoka halina kosa, lakini watu arobaini wa kwaya walimtazama machoni kila Jumapili, wakijua.

Ugonjwa wa sukari ulimlaza Septemba 2024. Délice alimwuguza, akamwomba msamaha, naye akamwambia tu asiache piano. Aliaga dunia tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, hapa Uvira. Aliagiza historia yake isirembwe, kwa hiyo familia haitasema kwamba alisamehe, kwa maana hakuna aliyemsikia akisema.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali waliomhangaikia, majirani wa Kasenga waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake waliombeba. Mwalimu, nenda, pumzika kwa amani, kwa Yule asiyemficha mtu kitu.