Babu Aliyeitwa Jiwe

Wazee wetu, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Mumbai, familia imenituma mimi Pallavi, mke wa mjukuu wake Sagar, niwasomee maisha ya Babu yetu Dhondu Ganpat Shelar.

Babu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 hapa Kanherwadi, wilaya ya Satara, mtoto wa tano wa mzee Ganpat na mama Yamuna, na wanne waliomtangulia walikuwa wamefariki kabla ya kuota meno. Baba yake alikuwa amemchagulia jina zuri la Jaywant, yaani mshindi, lakini siku ya kumlaza kwenye susu na kumpa jina, shangazi yake, ambaye kwa desturi ndiye humnong'oneza mtoto jina sikioni, aliinama akasema Dhondu, yaani jiwe, ili kifo kikipita kidhani hapa hakuna mtoto. Wanawake wakampiga shangazi mgongoni kama ilivyo ada, safari hii kwa nguvu kidogo, naye akawaambia, "Pigeni tu, limeshaingia."

Alisoma shule ya kijiji kuanzia Juni 1945 hadi darasa la nne mwaka 1949, kisha mwaka 1957 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo Mumbai, ambako wenzake walimtania, "Wee Dhondu, usije ukatuangukia vidoleni," na aliyemtania kuliko wote ndiye aliyempikia uji alipougua homa ya matumbo.

Tarehe 9 Mei 1961 alimwoa Bibi Parvati, naye alipotakiwa, kama bibi harusi wote wa kwetu, kutaja jina la mumewe kwa shairi, wasichana wakiwa tayari kucheka, alisema, "Mto hupita na povu lake, jiwe hubaki mahali pake, Dhondu ni wangu nami ni wake." Hakuna aliyecheka. Walijaliwa watoto watatu, wote wako hapa leo, na wote wana mvi.

Babu alianza kuugua mapafu Aprili 2018. Tarehe 2 Juni mwaka huo nilijifungua mwana, mdogo mno, nami nilikuwa nimempoteza wa kwanza mwaka 2016, kwa hiyo nilimpigia Babu magoti nikamwomba mtoto arithi jina lake. Alikataa. "Mke wangu," alinitania kama kawaida yake, "shangazi alinipa jiwe kwa sababu hakuwa na daktari, wewe unaye. Jina hili nimelibeba na halikunidhuru, ila sitaki mtoto apewe kwa woga. Mwite unavyotamani kumwita." Tukamwita Ulhas, yaani furaha, nami nikainama kusikiliza wifi yangu, shangazi yake, aliponong'ona.

Tangu hapo Babu aliuliza kila siku, "Kaongezeka?" Asubuhi ya tarehe 5 Februari 2019 nilirudi kutoka kliniki nikamwambia mtoto amefikia uzito wa wenzake. Akasema, "Haya, sasa niacheni nipumzike," akageukia ukutani, na kabla ya saa sita mchana alikata roho, bila maumivu.

Tunamshukuru daktari aliyekuja kwa pikipiki kwenye mvua, muuguzi aliyemlaza Ulhas kifuani mwake ili mimi nipate usingizi, majirani walioleta chakula jiko letu lilipokuwa limezimwa kwa ajili ya msiba, na wenzake wa kiwandani waliofika wakitembelea fimbo.

Babu, nyumba hii ilizoea kuwazika wadogo, wewe umeondoka kwa zamu yako, watoto wako ndio waliokusindikiza. Lala salama. Ulhas amenyonya, naye amelala.