Neno Alilolipenda Marehemu

"Mama, relict ni mtu au ni ugonjwa?" Ndivyo jirani, aliyekuwa akimsomea mjane wosia wa mumewe, alivyomuuliza. Marehemu alikuwa mpiga chapa wa mawakili na alipenda maneno makubwa, Mungu amsamehe. Aliunakili wosia wake kutoka kitabu cha kale cha pale kazini: nyumba aliiacha kwa "relict" wake.

Sasa mjane na shemeji yake walikuwa basini, wakielekea mahakamani. "Shemeji, tusichoshane," alisema yule bwana kwa sauti ya kumfikia dereva. "Jina lako halimo. Hata neno mke halimo. Nyumba inarudi kwetu." Mjane aliubana kifuani mkoba wenye wosia, akaomba kimoyomoyo.

Mzee wa kiti cha mbele akageuka. "Samahani, nimesikia bila kuitwa. Nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Hebu nione, mama." Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Hiki ni Kiingereza cha mawakili wa zamani, nao neno hili walilitoa kwenye Kilatini. Maana yake ni yule aliyeachwa nyuma, yaani mjane! Marehemu ameacha wajane wangapi?"

"Mimi peke yangu!" akajibu mjane, sauti ikimpanda. "Mungu wangu hana usingizi! Shemeji, umesikia, au turudie polepole?" Abiria wakaangua kicheko, konda akapiga makofi.

Shemeji akagonga ubavu wa basi. Vilikuwa vimebaki vituo viwili kufika mahakamani. Akateremka.