Mama Kivuli na Hosta za Ua wa Nyuma

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza bustani za hospitali hii, Mama Kivuli anastaafu. Aliingia katika daraja la chini na anatoka katika daraja hilo hilo, huku waliokuja nyuma yake wakimpita. Sisi wa karakana tunasema aibu hiyo si yake.

Jina alipewa na ua ulio kati ya chumba cha kufulia na wodi ya wanaume. Jua halifiki pale. Nyasi zilipandwa mara tatu, zikafa mara tatu. Yeye alileta kikombe kimoja chenye hosta, mmea wa kivuli usiozidi shubiri, majani ya kijani yenye ukingo mweupe. Ua uliokuwa wa kutupia vitanda vibovu ukawa mahali pa ndugu wa wagonjwa kukaa wakingoja habari.

Hosta hii ina tabia yake. Mara kwa mara huchipua majani ya kijani kitupu, yenye nguvu kuliko mengine, na yasipong'olewa humeza shina zima. Mwaka mmoja akiwa likizo, wauguzi wetu, kwa huruma yao, waliamua kwamba yenye weupe yana upungufu wa damu. Wakayang'oa yote. Aliporudi hakugomba. Alisema tu, "Wanangu, mmezika wazima, mkamlaza mvamizi kitandani," kisha akaenda kufukua jalalani. Kipande kimoja kilikuwa hai. Kuujaza ua tena kulimchukua miaka minne.

Sasa nafasi yake imefutwa, na ua ulikuwa uende kwa kampuni ya usafi inayofyeka kwa mashine. Ofisi ilipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani. Akaomba ua ubaki mikononi mwa wafanyakazi. Jibu lilikuja Jumatatu: miezi sita, kwa majaribio. Kazi ya miaka minne kupimwa kwa miezi sita, hesabu hiyo hatuielewi. Lakini kidogo si haba. Wodi itamwagilia, karakana tutang'oa machipukizi ya kijani. Wiki iliyopita alitusimamia tukang'oa manane. Saba yalikuwa sahihi. La nane alilirudisha mwenyewe, akalishindilia udongo kwa kidole gumba.

Asante, mama yetu. Upate afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokuchosha. Ukipita huku usisubiri kualikwa. Pitia ua wa nyuma, utukague.