Pua ya Gari la Bosi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, ukutani kwa gereji, upande wa kivuli. Kila mtu ana nafasi yake, na ole wako ukalie ya Orijino. Huyo anauza vipuri, na jina kalipata kwa kuapa: kila kitu dukani kwake ni orijino, hata kile ambacho jina la kampuni limekosewa. Barafu ni fundi wa friji. Mama Birika ndiye anayetuuzia kahawa, na ndiye anayetufunga midomo tukizidisha. Mimi naitwa Puti kwa sababu ya kazi yangu ya bodi: nanyoosha bati lililobonyea, naziba kwa puti, ule udongo laini unaokauka ukawa mgumu, napiga msasa, napiga rangi. Siku hiyo, saa nne asubuhi, mbele yetu lilisimama gari la mbio la bosi mwenye gereji, jekundu, la viti viwili, mvuke ukitoka kwenye kingo za boneti.

— Limechemsha tena, alisema Orijino.

— Kwani sisi hatuna macho? nilimjibu.

Nilikuwa mkali bure. Wote tulijua maana yake. Jumamosi bosi alikuwa anaingia kwenye mashindano ya kupanda kilima, na siku moja kabla ya asubuhi hiyo alimwambia fundi wake wa rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, mbele ya watu: likichemsha mara moja tena, chukua vifaa vyako uende. Fundi huyo ni shemeji yangu, kamwoa mdogo wangu wa kike, wana watoto wawili. Pale tulipokaa tulimsikia ndani akiweka spana kwenye sanduku, moja moja, bila haraka.

— Masikini, alisema Mama Birika. Na hajui kusema huyu.

— Si suala la kusema, mama, ni suala la joto, Barafu aliingilia. Mimi joto nalijua. Joto ni jeuri, haliondoki mpaka lifukuzwe. Wangeniachia mimi hilo gari, ningefunga kompresa ya friji chini ya kiti, nikazungusha mabomba ya gesi kwenye injini yote. Lingepanda kilima linatetemeka kwa baridi!

— Na dereva?

— Avae koti.

— Acha mchezo wewe, alisema Orijino. Tatizo ni hewa. Gari la mbio linakula hewa kuliko mafuta. Ndiyo maana niliwapa lile chujio langu, liko wazi, halina boksi, linavuta kila upande. Orijino! Lakini hewa ya mtaa huu, jamani, imeshatumika. Watu wangapi wameipumua tangu alfajiri? Injini inaletewa makombo.

— Kwa hiyo?

— Bomba. Refu. Litoke kwenye injini, lipande mpaka juu ya lile ghorofa, likachote hewa mpya.

— Na gari likiondoka?

Orijino alifikiri kidogo.

— Bomba la mpira. Linavutika.

Mama Birika alicheka mpaka akaweka birika chini. Barafu naye hakukubali kushindwa. Alisema kosa ni rangi, nyekundu inaita joto, gari lipakwe jeupe mpaka kwenye tairi. Orijino akasema basi bosi apande kilima kinyumenyume, injini ikae kwa nyuma, upepo umpige yeye. Wakabishana kinyumenyume kuna gia ngapi.

— Jambo moja tukubaliane, Barafu alisema mwishoni. Pua haina kosa.

— Pua? Thubutu! Pua ile inavuta, bwana. Juzi lilipita hapa, kofia yangu nusura ing'oke.

— Mimi huisikia inapiga mluzi.

— Kazi ya Puti hiyo.

Pua ni ule mdomo uliosimama katikati ya boneti, unaotazama mbele, wa kuingiza hewa ya nje ishuke moja kwa moja kwenye injini. Ndiyo, ni kazi yangu. Nilitazama kahawa yangu.

— Basi kama pua inavuta, alisema Orijino akihesabu kwa vidole, chujio ni orijino, feni inazunguka, kimebaki nini? Maji. Na nani wa maji?

Wote tukageukia mlango wa gereji. Spana nyingine ilianguka sandukuni.

— Puti, shemeji yako huyo. Wewe unasemaje?

Nilijua la kusema. Nililijua kwa miezi minne. Nikafungua mdomo nikasema:

— Labda rejeta ina uchafu. Labda hakuisafisha vizuri.

Nilisema hivyo. Kwa sauti hii hii.

Acha niwaambie ninyi kwanza, maana pale benchini nilishindwa. Miezi minne nyuma bosi alikuja na picha ya gari lenye pua kwenye simu, akasema anataka pua kama ile, na anataka alione gari siku hiyo hiyo saa kumi. Boneti yake ilikuwa na mianya kwa nyuma, iliyotoka nayo kiwandani, joto la injini lilikuwa likipitia hapo kutoka. Niliiziba yote kwa puti ili pua ikae vizuri. Halafu nikaigeuza boneti nikate tundu chini ya pua, nikakuta mbavu za chuma zimepita papo hapo. Kuzikata ni kuanza kuchomelea fremu mpya, kazi ya siku mbili. Nikaangalia saa. Nikaibana pua kwa ribiti juu ya bati zima, bila tundu. Ndani yake nikapaka rangi nyeusi isiyong'aa, mara tatu, ili mtu akichungulia aone kama kuna shimo. Nilisema Jumatatu nitakata. Jumatatu bosi alikuwa ameshalizungusha mtaa mzima, watu wanapiga picha. Nikaona aibu kusema. Wiki ikafuata wiki, na aibu ikawa inaongezeka, haipungui.

Kwa hiyo juu nimefunga, joto halina pa kutokea. Chini lile chujio la wazi linavuta hewa ile ile iliyochemka kwenye bomba la moshi, na injini inarudishiwa joto lake lenyewe. Hapo hata ungemwaga mto mzima kwenye rejeta, lingechemsha tu.

Basi hapo akatokea dada mmoja, fundi cherehani, mkanda wa kupimia shingoni na rula ya mbao mkononi. Bosi alikuwa amemwita apime viti avishonee vitambaa vya kufunikia.

— Hamjambo, kaka zangu?

— Hatujambo, dada. Hilo hapo. Usiliguse, lina moto.

Alilizunguka taratibu. Alipofika mbele aliinama akaitazama ile pua, akaingiza rula. Ikaenda vidole vinne, ikagonga. Ko. Akaisogeza kushoto. Ko. Kulia. Ko.

— Samahani, alisema, mimi magari siyajui. Hewa ikiingia humu, inatokea wapi?

Orijino alianza kukohoa na hakuwa na kikohozi.

— Nauliza tu, dada aliendelea, maana sisi kwenye makoti tuna mfuko wa pambo. Unaonekana mfuko, lakini ndani umeshonwa. Mtu akiuliza namwambia kabisa, huu wa pambo, usitie kitu.

Mama Birika aliniangalia mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, sanduku mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Kama alisikia yale ya uchafu, hakuonyesha.

— Shemeji, nilisema. Wewe ulijua?

— Boneti hiyo naifungua kila siku, shemeji. Kwa chini ni bati tupu.

— Tangu lini?

— Tangu wiki ya kwanza.

— Sasa mbona hukusema, jamani? Unafukuzwa kazi!

Alihamisha sanduku kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

— Nilimwambia mdogo wako. Akasema nisikuaibishe. Akasema, kaka atasema mwenyewe, tumpe nafasi.

Laiti angenitukana. Kila Jumapili nakula kwao. Kila Jumapili naisimulia ile pua, jinsi ilivyonitoa jasho, jinsi watu wanavyoisifia, na mdogo wangu ananiongezea chakula, anasema kula, kaka. Miezi minne alikuwa akiningoja.

Bosi alitoka simu ikiwa bado sikioni, anamwelekeza fundi mwingine wa rejeta njia ya kufika. Nikasimama.

— Bosi, kata hiyo simu. Njoo utie mkono hapa.

— Nina haraka, Puti.

— Tia mkono, bosi. Nakuomba.

Alijifunga kitambaa mkononi, akautia. Uliingia vidole tu, ukagota. Akapapasa. Nikamweleza yote, mianya, mbavu, rangi nyeusi, mbele ya kila mtu, na nilipomaliza nikaongeza kwamba hata hili la kusema rejeta ina uchafu nimelisema mimi, muda si mrefu, na ni uongo.

Mkono wa bosi bado ulikuwa ndani.

— Lakini mimi huwa naisikia ikivuta, alisema, kwa sauti ndogo.

Barafu na Orijino waliangalia pembeni. Bosi alitoa mkono, akamwambia shemeji arudishe sanduku ndani, bila kumtazama usoni.

— Nikishakunywa kahawa, alijibu shemeji.

Mama Birika aliinamisha birika, likatoa matone mawili. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akachukua kikombe changu ambacho sikuwa nimekigusa, akampa shemeji, na shemeji akaketi kwenye nafasi yangu akanywa yote. Mimi nilikuwa nimeshainama na msumeno.

Nilikata siku mbili. Nilifungua na mianya, na chujio likapata boksi lake, Orijino kalitoa bila kutaja bei. Jana gari lilipanda kilima na halikuchemsha. Walikuja kunipongeza, nikawaambia waniache.

Leo ni Jumapili. Gereji imefungwa, Mama Birika hayupo, na nimekaa benchini peke yangu na shati nililopiga pasi tangu asubuhi. Shemeji amepiga simu mara mbili. Anasema mdogo wangu ameshapakua, anauliza kitu kimoja tu: kaka, unakuja?