Bi Taratibu Ataagwa Akiwa Amesimama

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali yetu, Bi Taratibu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye cheti lipo, ila hata mkurugenzi halitumii.

Alianza kazi chumba kikiwa na mkeka mmoja na mpira unaovuja upepo. Leo tunapokea wagonjwa kutoka hospitali nyingine, na wengi wetu tulifundishwa kazi na yeye. Somo alilolipenda kuliko yote ni tishu unganishi. Alilalamika kwamba watu husifu msuli na kuhofia mfupa, lakini hawaulizi nini kinavishika pamoja. Kano hufunga msuli kwenye mfupa, ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa, gegedu huzuia mifupa isisagane. Na kano, kwa kuwa hupata damu kidogo, hupona polepole. Kila aliyetaka kutupa mikongojo mapema aliambiwa "taratibu", na jina likamganda.

Mwaka jana, kwenye michezo ya wafanyakazi, alivuta kamba kama aliyekula kiapo, na kano ya kisigino ikakatika. Daktari wa mifupa alimshona, akamwonya kwamba ikikatika tena huenda akachechemea maisha yake yote.

Nilipewa kazi ya kumhudumia, na mgonjwa mkaidi kama yule sijapata kuona. Mganga hajigangi. Siku moja dereva wa lori, ambaye Bi Taratibu mwenyewe aliwahi kumtibu goti, alimkuta kwenye ujia wa wodi akijikokota bila mikongojo. Alimshika mkono, akamketisha kwenye benchi, akamwambia, "Mama, kano haina haraka. Si ulinifundisha wewe?"

Bi Taratibu alilia. Aliniambia anaogopa kuagwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tangu siku hiyo akatii: inua kisigino, shusha, pumzika, kesho tena.

Mtatarajia nimwite kano ya idara yetu. Amenikataza, anasema huko ni kumsifia mtu kwa somo lake mwenyewe.

Wiki iliyopita alisimama kwa mguu ule peke yake, akainua kisigino, akabaki juu ya vidole huku akinicheka, maana safari hii niliyelia ni mimi. Kiti tulichomwekea jukwaani ni cha adabu tu.

Bi Taratibu, asante kwa mikono yako na kwa ukali wako. Tunakutakia maisha marefu, na uyatembee yote.