Bi Mwatum Silima na Wiki Tuliyofuga Nywila

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuutumikia Ushirika wetu wa Karafuu hapa Wete, Bi Mwatum Silima anastaafu tarehe 30 Juni. Alikuja kutoka Fundo akiwa mpiga chapa. Anaondoka akiwa Mkuu wa Usalama wa Taarifa. Kwa wajukuu watakaosoma jarida hili, kazi hiyo ni kama kufunga milango ya nyumba, ila milango yenyewe haionekani, na wenye nyumba humwachia jirani funguo kwa ajili ya ujirani mwema.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Kwetu kumnyima mwenzako kitu ni utovu wa adabu, na neno la siri lilikuwa kama chumvi: ukiombwa, unatoa. Basi Bi Mwatum akabandika waraka: "Kuanzia Jumatatu kila mfanyakazi abadilishe nywila yake. Nywila fupi hazikubaliki. Usimwonyeshe mtu nywila yako, hata mumeo au mkeo."

Nywila, nifafanue, ndilo hilo neno la siri la kufungulia kompyuta, kwa Kiswahili cha vitabuni. Siku zile wengi wetu tulisoma "nywele", tukadhani mpiga chapa kateleza. Bi Zulekha wa mapokezi alikwenda kwa Shehe kuuliza tangu lini mke akamficha mumewe nywele. Kinyozi wa sokoni alikosa wateja wiki nzima. Jaribu wa ghala, ambaye kipara kilimpa uzee kabla ya umri, aliingia ofisini kwa Bi Mwatum kofia mkononi.

"Bi Mwatum, mie hiyo ndefu n'taitoa wapi?"

Hakumcheka. Alimkalisha, akamweleza pole pole mpaka akaelewa. Kisha akatoka kwenda kujificha nyuma ya jenereta, akarudi macho mekundu akisema ni vumbi. Jaribu naye akatunga nywila ndefu kuliko zetu sote: majina ya mbuzi wake, kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Msimu mmoja wa karafuu, mtu alimpigia simu Jaribu akijidai fundi kutoka Unguja, anataka nywila atengeneze mtambo. Jaribu akamtajia mbuzi mmoja mmoja. Simu ilipokatika ndipo akashtuka: bwana yule hakuuliza hali ya wazee, wala ya watoto, wala hata ya hao mbuzi. Fundi gani huyo? Na ndani ya mtambo huo ndimo zilimokuwa taarifa za karafuu za kila mkulima. Zikichezewa, nani angejua nani kaleta nini?

Angeweza kunyamaza, maana kwa kosa kama hilo mtu hupoteza kazi. Badala yake aliingia mbio kwenye kikao cha kamati.

"Bi Mwatum, nimegawa mbuzi wote."

"Ahsante kwa kuniwahi, kaka," akajibu, akaufunga mlango ule usioonekana palepale. Ikabainika kwamba mwizi alikuwa amekwama kwa mbuzi wa tatu, Mwanakhamsi. Jina lilimshinda kuliandika.

Kamati ilitaka Jaribu aondoke. "Mkimfukuza huyu," Bi Mwatum aliwaambia, "wa pili hataniambia." Jaribu yuko ghalani hadi leo, na tangu siku hiyo tuna kanuni: anayeuliza nywila kabla ya kuuliza hali, kata simu.

Vitabu vya usalama nimevisoma. Vinasifu sana makufuli. Bi Mwatum alijua kwamba kufuli la kwanza ni mtu kutoogopa kukwambia amekosea. Kufuli hilo alilitia siku ile ya kipara, na likatufaa siku ya mbuzi.

Kiti chake anamwachia Bi Nusaiba Hafidh. Zawadi zimekuja nyingi. Ya Jaribu ni kitana, kimeandikwa: "Kwa matunzo ya nywila."

Bi Mwatum, tunakushukuru. Urudi Fundo kwa afya na raha, asikupigie mtu simu ila kwa salamu kamili, na maisha yako yawe marefu kuliko nywila ya Jaribu.