Fundi Januarius Nyanda na Sensa ya Gari la Hamimu

Baba Paroko, wazee wa ukoo, mafundi wa Bariadi na ninyi nyote mliokuja kutufuta machozi, naitwa Lucy, mtoto wa tatu wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu, Fundi Januarius Nyanda Mayala, na kila tarehe nitakayoitaja nimeihakiki kwenye karatasi zake au kwa mayu, mama yetu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Marehemu alizaliwa katika kijiji cha Zagayu, hapa wilayani Bariadi, mwaka 1949, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nyanda Mayala na Mama Salu. Cheti chake cha ubatizo kinataja tarehe 19 Septemba, lakini hiyo ndiyo sikukuu ya mtakatifu aliyepewa jina lake, kwa hiyo mwaka tunauamini, siku yenyewe hatuna hakika nayo.

Alisoma darasa la kwanza hadi la nne Zagayu, kuanzia 1958 hadi 1961, akaendelea hapa Bariadi mpaka darasa la nane mwaka 1965, na mwaka 1968 akaenda Mwanza kujifunza umeme wa magari kwa miaka miwili. Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya malori ya pamba ya ushirika, akahudumu hapo hadi wanunuzi binafsi walipoingia na malori hayo yakasimama, naye akapunguzwa kazini tarehe 31 Desemba 1994, akiondoka na chuma chake cha kulehemu na sifa kwamba waya ulioungwa na Januarius haukatiki.

Tarehe 14 Julai 1973 alifunga ndoa na Apolonia, binti wa Kalemela, wakajaliwa watoto wanne, Method, Milembe, mimi, na Deogratias, aliyetutangulia mwaka 1985 akiwa na miezi minane.

Mwezi Machi 1995 alifungua kibanda karibu na soko, pamoja na Fundi Anatoli, fundi mwenzake, mdogo kwake kwa miaka kumi, aliyemwita kaka, Anatoli akishika injini na baba akishika umeme. Hiyo ndiyo miaka magari yaliyokwisha kutumika Japani yalipoanza kutufikia, yenye injini za kompyuta, na ndani ya bomba la moshi yana sensa ya oksijeni, kifaa kidogo kinachoiarifu kompyuta kama petroli imezidi au imepungua, ambacho kikikosea gari hutoa moshi mweusi na kumaliza mafuta. Mafundi wengi walibadilisha vifaa kimoja baada ya kingine mpaka taa izime. Baba alikataza, akafuata waya kwanza, akitazama ulipoungua kwa joto la bomba, akipima kama umeme wa kupasha sensa joto unafika, kama waya unaorudi kwenye bodi ya gari ni mzima, kisha injini ikishapata moto akasubiri namba za mita yake ya kupimia umeme zipande na kushuka kati ya sifuri nukta moja na sifuri nukta tisa, na zikifanya hivyo sensa ilikuwa hai.

Mwezi Oktoba 1996 Bwana Hamimu, mwenye duka la vitenge, alileta Corolla yake ya mwaka 1989, baba akapima akakuta sensa imekufa, Anatoli akaenda Mwanza kutafuta nyingine, na kwa kuwa kichwa cha waya wake hakikuingiana na cha gari, baba alikata nyaya, akaziunga kwa risasi ya kulehemu na kuziziba kwa gundi, kazi safi kama kawaida yake. Namba zilicheza vizuri. Baada ya siku kumi na mbili gari lilirudi na moshi uleule, namba zimesimama, na baba, mbele ya wateja na mafundi ambao baadhi yenu mko hapa, alisema, "Anatoli, umemuuzia mtu maiti." Anatoli alimjibu, "Kaka, si ulipima mwenyewe ikawa hai?" Baba aliifungua sensa hiyo, akaiweka kwenye kopo. Wateja walimkimbia Anatoli, watu wakamwita mwizi, na Januari 1997 akahamia Maswa.

Mwezi Julai 2003, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, baba alinipa kijitabu cha kigeni nimsomee kwa Kiswahili, nikafika mahali panaposema kwamba nyaya za sensa hiyo zisiunganishwe kwa risasi, zibanwe tu, kwa sababu hewa ya nje huingia ndani ya sensa kupitia katikati ya waya, na risasi huiziba. Aliniomba nirudie sentensi hiyo mara tatu. Kisha alitoa kwenye kopo sensa ya Hamimu, aliyoitunza kwa miaka saba kama ushahidi, akaupasua waya kwa wembe, akaiona risasi yake imetambaa ndani.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2003 alikwenda Maswa pamoja na mama, akamweleza Anatoli yote na kumwomba msamaha, Anatoli akawapa chakula, wakala, ndipo akasema, "Kaka, mimi nimekusamehe, lakini hapa Maswa hakuna aliyenisikia nikiitwa mwizi, waliosikia wako Bariadi." Baba aliahidi kusema kwenye kikao cha mafundi cha Septemba, akaona aibu, akaahirisha hadi Novemba, na tarehe 6 Novemba 2003, siku tisa kabla ya kikao, alipata kiharusi kilichochukua mkono wa kulia na sauti yake.

Tangu hapo alipelekwa kibandani kwenye kiti, akionyesha waya kwa mkono wa kushoto, na mama, aliyeishia darasa la nne, akimsomea namba za mita. Kwa mkono huohuo aliandika kwenye kipande cha boksi maneno matano, "Anatoli hana kosa. Risasi yangu."

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 8 Machi 2006, akalazwa hospitali ya wilaya, akafariki Jumamosi tarehe 11, saa kumi na moja alfajiri.

Jana kwenye kikao cha ukoo baba mdogo alisema marehemu hasemwi vibaya siku ya kuzikwa, na mama akamjibu, "Shemeji, mume wangu hakumkabidhi mtu gari bila kulijaribu barabarani. Kazi hii hakuimaliza. Someni." Kwa hiyo nasoma, mbele ya waliosikia mwaka 1996: sensa ya Hamimu iliyotoka Mwanza ilikuwa nzima, Anatoli hakumwibia mtu, aliyeiua ni baba yetu, kwa mkono wake, na akanyamaza alipokuwa bado anaweza kusema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wote, na Fundi Anatoli, aliyefika jana bila kujua kama tutasoma haya, na ambaye tangu asubuhi amekuwa akichimba kaburi pamoja na vijana.

Baba, Bariadi imesikia. Pumzika kwa amani.